Mbega wa Bwana Misitu

Kila ninaponusa majani ya msonobari yakiungua, namkumbuka mbega wa kwenye bango. Bwana misitu alilileta shuleni kwetu Magamba: mbega amevaa kofia, ameshika ndoo ya maji.

"Msitu ni mali yetu sote," alisema. "Ukimjua anayeuchoma, sema."

Wiki ile moto wa kusafishia shamba letu uliponyoka, ukala msitu. Akarudi darasani, akauliza ni nani aliyeuwasha. Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo. Ni mama."

Akanipa lile bango, wenzangu wakapiga makofi.

Jioni nilimkuta baba peke yake jikoni. Mama alikuwa amepelekwa polisi, Lushoto.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ndiyo, baba."

Akanimegea kiazi, kipande kikubwa kuliko chake.

"Kula, mwanangu."

Nikala chote.