Mgongo Aliompa Mkuu

Shangazi yetu, Mungu ampumzishe pema, alikuwa na kazi ambayo hata sisi wa nyumbani tulichelewa kuielewa. Alikuwa na chumba katika chuo cha uuguzi, mwisho wa ukumbi, kati ya maktaba na vyoo, akiwasaidia wanafunzi wanaoshindwa kuandika. Hakuwaandikia. Hata kuwasahihishia hakuwasahihishia, kama watu walivyodhani. Alikaa nao tu, na huko kukaa ndiko kulikomponza.

Mwanafunzi akibisha hodi, Shangazi alitoka nyuma ya meza, akaburuta kiti chake hadi ubavuni mwa kile cha mgeni, wote wawili wakaiinamia karatasi kama watu wanaochungulia kisima kimoja. Kisha aliikalia mikono yake. Aliisukuma chini ya mapaja kabisa, maana aliijua ilivyo na haraka ya kudaka kalamu ya mtu. Kalamu ikihamia kwake, alisema, na insha imehama nayo. Baada ya hapo alibaki na macho. Bega la mwanafunzi likipanda, alijua sentensi ile imeandikwa kwa woga. Mguu ukianza kutikisika chini ya meza, alijua mtu amefika mahali asipopaelewa na ananyamaza kwa adabu. Aliuliza swali moja, akangoja, akainamisha shingo kidogo, akangoja tena, mpaka kimya kikamchosha mwenye insha na si yeye. Wanafunzi walimbandika jina Bega kwa Bega. Alilipenda kuliko jina lake la ubatizo.

Akaja mkuu mpya wa idara, mtu nadhifu, tai shingoni hata siku ya jua kali. Mkuu aliona mambo hayo hayana heshima. Aliagiza mwalimu akae nyuma ya meza, mwanafunzi mbele yake, kalamu nyekundu ifanye kazi, na mtu atoke mle na makosa yake yamepigiwa mstari. Shangazi aliitikia vizuri, akashukuru, na mwanafunzi wa kwanza alipoingia akaburuta kiti chake vilevile. Habari zikafika. Mkuu akasema atakuja mwenyewe kukaa na kuangalia, na kama agizo lake halikufuatwa, Shangazi atakabidhi chumba.

Siku hiyo zamu ilimwangukia mama mmoja wa watoto wawili, aliyerudi kusoma ukubwani, wenzake wakimwita Kufuli kwa vile hafungui mdomo. Insha yake ilihusu vidonda vya mgonjwa aliyelala muda mrefu, na mwalimu wake alikuwa ameirudisha akisema haina kitu. Kufuli akaingia, akamwona Mkuu ameketi kwenye kona, miguu ameikunja nne, akajikunja naye kama karatasi iliyokaribia moto. Shangazi aliuliza swali lake. Akangoja. Macho ya Kufuli yaliruka kwenye tai ya Mkuu, yakaanguka sakafuni, yakaruka tena.

Shangazi aliyafuata macho yale mara mbili, akaelewa. Aliinuka, akakigeuza kiti cha Kufuli kielekee dirishani, akakigeuza na chake, akaketi. Mkuu wa idara, kwenye kona yake, akabaki anatazama migongo miwili.

Hakuna mkubwa anayepewa kisogo namna hiyo, na Shangazi alilelewa vizuri, alilijua hilo. Aliikalia mikono yake, akauliza tena ni nini hasa hufanywa ili mgonjwa asipate vidonda. Mdomo wa Kufuli haukujibu. Mikono yake ndiyo iliyojibu: mmoja ukapita chini ya bega lisilokuwepo, mwingine chini ya nyonga, ikamgeuza taratibu mtu wa hewa, kisha ikanyoosha shuka ili lisibaki na mkunjo.

"Hicho," Shangazi akamwambia kwa sauti ndogo. "Hicho mikono yako imekisema, kiandike."

Kufuli akaandika. Nyuma yao kiti kilikwaruza sakafu, mlango ukafungwa.

Wito ukaja wa kwenda mbele ya kamati. Nyumbani, kaka yake, baba yetu, alimsihi aombe radhi yaishe, akamkumbusha kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu.

"Kaka, mimi hata mikono yangu naikalia," Shangazi akajibu, "ya watu itanihusu nini?"

Baba alicheka ingawa hakutaka. Shangazi hakucheka. Alisali, akavaa gauni lake la Jumapili, akaenda.

Kamati ilimsomea shitaka la utovu wa nidhamu. Makamu wa Mkuu, mama mpole, alimnong'oneza kwamba neno moja tu lingetosha, aseme samahani arudi kwenye chumba chake. Mkuu mwenyewe alikuwa ameumia kweli, ilionekana usoni.

"Mwalimu, ulinipa mgongo mbele ya mwanafunzi."

"Nilikupa, Mkuu."

"Na huoni kwamba ni dharau?"

"Kama imekuuma, pole. Lakini Mungu alinipa uso mmoja, na saa ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeuhitaji. Nikiomba radhi kwa hilo, kesho akiingia mwingine anayetetemeka nitakaa vipi? Nitakaa nikikutazama wewe."

Wakamwambia basi akabidhi ufunguo. Aliutoa mkobani, akauweka mezani pasipo kuutupa, akawaaga mmoja mmoja kwa vyeo vyao kama alivyofundishwa na mama yake, akatoka.

Tulidhani atalala kitandani alie. Kesho yake alikwenda kwa mchungaji kuomba chumba cha mafundisho ya watoto, siku ambazo hakina watu. Mchungaji aliona haya, akasema hakuna meza mle, kuna benchi moja refu tu. Shangazi akamwambia benchi ndilo hasa alilokuwa akimwomba Mungu, maana hata mtu mwenye kiburi akilikalia, atakaa ubavuni mwa mwenzake atake asitake.

Kufuli ndiye aliyefika wa kwanza, akiwa na wengine wawili. Shangazi alifundishia pale mpaka ugonjwa ulipomlaza, na radhi ile hakuiomba.