Kutembea na Mke wa Komora

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani, pale Kipini, karani mkuu alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akaniambia, "Wewe ni mdomo wa watu wengine. Usiongeze, usipunguze." Nilikuwa kijana. Nikaitika, nikadhani kazi ni nyepesi.

Baadaye nikahamishiwa Garsen, barazani kwa Bwana Shauri, yaani afisa wa serikali aliyekuwa pia hakimu. Nilimfasiria kwa Kiingereza maneno ya Wapokomo, Waorma na Wasomali, na wengi walisema Kiswahili cha sokoni. Kwetu Kipini, mtu akisema amekuja kutembea, amekuja kukujulia hali, unamtengea chakula.

Asubuhi moja aliletwa Barisa, mchungaji wa Kiorma, kwa shtaka la ugoni. Mshtaki alikuwa Komora, mkulima wa Hewani. Barisa akipatikana na hatia angefungwa, na Hadija, mke wa Komora, angeachwa.

"Unakubali?" Bwana Shauri aliuliza.

Barisa hakutaka kusemewa. Akajibu kwa Kiswahili chake, kifua mbele, "Ndiyo. Mimi nimetembea na bibi ya Komora. Toka Hewani mpaka hapa."

Baraza likaguna. Komora akasimama. "Mmesikia wenyewe!"

Kalamu ya Bwana Shauri ilikuwa inaningoja. Kwa Kiingereza ilibidi nichague maana moja tu, na nililikumbuka onyo la yule karani. Nikasema, "Bwana, neno hili lina maana mbili: kufuatana njiani, au kuzini. Niruhusu nimuulize kwa Kiorma."

"Uliza. Upesi."

Barisa alinishangaa. Mafuriko, alisema, yalikuwa yamefunika njia, na Komora yuko ng'ambo shambani. Alimkuta Hadija amebeba mtoto mwenye homa, anakwenda zahanati. Akatangulia na fimbo, akipima kina cha maji, mpaka akawafikisha mlangoni. Kisha akarudi kwa ng'ombe wake. Watu waliowaona wakifuatana ndio waliomaliza hadithi.

Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, akaitwa, akathibitisha. Shtaka likafutwa. Komora alimwendea Barisa, akamshika mkono. Mimi nilishusha pumzi. Shati lilikuwa limenigandama mgongoni.

Ndipo Hadija akasema kutoka nyuma, mtoto mgongoni, "Nipo hapa tangu asubuhi. Mbona mimi hamkuniuliza?"

Bwana Shauri alikuwa ameshaita kesi nyingine.

Niliifanya kazi hiyo hadi mvi, nikastaafu kwa amani. Simkumbuki mtu aliyefungwa kwa neno nililolikosea, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini ninyi mnaoanza ukalimani, kabla hamjafungua kinywa, geukeni mtazame nyuma ya baraza, muone nani hajaulizwa.