Sayari Inayozunguka Nyota Kibete

Mwaka 2007 gazeti liliandika kuhusu sayari iliyogunduliwa ikizunguka nyota kibete nyekundu, na kwamba huenda ina maji. Nilikuwa nafundisha fizikia Nakuru, nikaikata ile habari nikaibandika ukutani sebuleni. Mume wangu alinicheka, akasema hata Keringet kwa mama yake ni mbali, sembuse huko.

Januari iliyofuata, fujo za baada ya uchaguzi zilipofika karibu na kwetu, mtaa wa Section 58, yeye alikuwa Keringet, amekwenda kumtoa mama yake. Asubuhi alinipigia kusema wamepata lori la viazi. Baada ya hapo, kila nilipompigia niliambiwa mteja hapatikani.

Moshi ulikuwa ukipanda ng'ambo ya barabara. Jirani yangu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, alinigongea mlango. Wanawe walikuwa wamebaki kulinda duka, naye hakuweza kukaa peke yake. Nikapika chai. Haikunyweka.

Akaiona ile karatasi ukutani, akauliza ni ya nini. Nikaanza kumweleza, ili tu mkono wangu uache kushika simu. Nikamwambia nyota za aina hiyo ni ndogo, joto lake ni hafifu, kwa hiyo sayari lazima iwe karibu sana ndipo maji yasigande. Ila ikiwa karibu hivyo, huenda upande mmoja ukaitazama nyota daima, wa pili ukabaki gizani. Tena nyota yenyewe hulipuka ghafla, na mionzi yake inaweza kuipokonya sayari hewa.

"Sasa mtu ataishi wapi, Mwalimu?"

"Labda pale mpakani, penye mwanga kama wa jioni. Hakuna anayejua, Mama."

"Na watu wa huko hawana pa kuhamia," akasema.

Nikaichukua simu tena.

Jua likielekea kuzama, lori lilisimama nje. Mume wangu alimshusha mama yake, aliyekuwa amevaa ndala za mtu mwingine. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, na simu walinyang'anywa kwenye kizuizi cha barabarani. Mama mkwe aliomba maji ya kunawa uso, basi. Jirani ndiye aliyemshika mkono na kumwingiza ndani.

Kisha akarudi sebuleni, akakaa karibu na dirisha. Wanawe walikuwa bado hawajapiga simu. Nikavuta kiti, nikakaa naye.