Uji wa Mzee Fanueli

Sekela alihamia Kasense, jirani na mji wa Sumbawanga, wakati kijiji kimejaa nyumba mpya za operesheni ya vijiji vya ujamaa na watu wenye hasira za kuhamishwa. Tulimtazama kwa jicho la pembeni. Mwanamke wa Kinyakyusa, Mkristo wa kanisa jingine, msomi wa mila na desturi, eti ametumwa na kanisa lake aje kuandika Kifipa! Kwani wenyewe tumeshindwa?

"Kifipa chetu kimekufa?" mama yangu, Kalista, alimwuliza.

"Hakijafa, mama. Ndiyo maana nimewahi."

Jibu hilo lilimpendeza mama. Wakawa wanapalilia ulezi pamoja, Sekela akiuliza: posa inapelekwaje, mtoto anapewaje jina, mfiwa anafarijiwaje. Alikuwa msumbufu, jamani! Kwenye ofisi ya serikali mjini walimwambia taifa linajengwa kwa Kiswahili, aache ukabila. Aliwasikiliza kwa heshima, akarudi shambani kwa mama. Hatimaye masomo ya Jumapili ya kanisa lake yakasomwa kwa Kifipa, na wazee wetu Wakatoliki wakaja kusikiliza, ingawa walijifanya wanapita tu.

Tulikwisha kumpenda Sekela wakati baba mkwe wake, Mzee Fanueli, alipokuja kutoka Tukuyu kumsalimu yeye na mumewe. Akashikwa na kifua. Hospitali walimhudumia, kisha wakamrudisha nyumbani apumzike, maana dawa hazikumsaidia tena. Mume wa Sekela, bwana shamba, alikuwa bondeni Mtowisa, na mvua zilikuwa zimekata barabara.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe, hatamki jina lake, wala hakai naye chumba kimoja. Basi msomi wetu akawa anapika uji, anauweka mlangoni, halafu anakwenda nyuma ya nyumba kulia. Mzee huyo ndiye aliyemtetea asome wakati ukoo mzima ulipokataa, na Sekela hakuwahi kumshukuru kwa kinywa chake. Sasa alikuwa anakufa chumba cha pili. Mama alijaribu kumlisha, lakini mzee alionja kidogo, akageukia ukutani.

Mama akamfuata Sekela nyuma ya nyumba. Nilikuwa pale nachanja kuni.

"Umeniuliza ya posa, ya uzazi, mpaka ya maziko yetu. Nilikuficha?"

"Hukunificha, mama."

"Leo nauliza mimi. Mzee afe na njaa ndani ya nyumba ya msomi wa mila?"

Sekela alifuta machozi. "Nikiingia nitamvunjia heshima, mama. Na hiyo heshima ndiyo kitu pekee nilichowahi kumpa."

Mama hakubishana. Aliingia kwa mzee, akamweleza yote kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, nami nikasimama mlangoni. Mzee aligeuka kutoka ukutani. Kisha akasema polepole, "Mwambie mwanangu alete uji mwenyewe."

Sekela aliingia kinyumenyume, khanga imemfunika uso, bakuli mkononi. Alipogeuka, mzee alikuwa amefumba macho, ameyabana kabisa kama mtoto anayeogopa sindano. Akafungua kinywa.

"Asante, baba," Sekela alisema, akimlisha. "Asante kwa shule. Asante, baba."

Mzee alikunywa uji wote, machozi yakimtoka, na hakufumbua macho hata kidogo.