Sauti Yangu Juu ya Uso Wake

Nilikuwa nimeshaandika riwaya mbili, zote nikiwa mkimbizi katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakati mtayarishaji mmoja wa filamu alipokuja kunitafuta. Alikuwa mzaliwa wa mji wa Mbarara, mtoto wa familia ya Waislamu wauza vitambaa, na alikuwa amenisikia nikisoma kitabu changu redioni.

"Nyabo, sauti yako iko nzuri sana," aliniambia kwa heshima, kwa Kiswahili chake cha mtaani. "Televisheni nataka mtu kama wewe."

Tukaanza kutengeneza filamu za maisha halisi. Yeye alishika kamera, mimi nilisimama mbele na kueleza. Tulikwenda kwa wafyatua matofali wa kando ya mto Rwizi, kisha kwa wauza maziwa wa Bwizibwera, ambako nilisimulia nikiwa na povu la maziwa puani bila kujua, naye akacheka hadi kamera ikatikisika. Asubuhi niliandika, mchana nilirekodi. Mama yake aliniita binti yake. Siku ya Idi nilikula pilau kwake, mimi Mprotestanti wa Kivu Kusini, Kongo, nisiye na ndugu hata mmoja Uganda. Nikamhesabu mwanawe kuwa kaka.

Ndiyo maana aliposema tufanye filamu ya Nakivale, nilimpeleka kwa mtu niliyempenda kuliko wote pale, jirani yangu, mjane aliyelima mahindi na maharage. Tulisali kanisa moja, na kwa kuwa alinizidi umri nilimwita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu. Shamba lake lilipakana na malisho ya mama mmoja mwenyeji, Mnyankore mfugaji. Yaya alimwachia njia ya kupitisha ng'ombe kwenda majini. Yule mama alimletea maziwa. Hilo ndilo nililotaka watu waone.

Yaya aliongea mbele ya kamera huku akipalilia. "Hii fasi, hii udongo, haiko yetu," alisema. "Batu ya hapa balitupokea. Ng'ombe zao zikipita, mie ninangoja tu, kisha ninaendelea na kazi."

Wiki hiyohiyo, studioni Nyamitanga, mjini Mbarara, mtayarishaji aliniomba nisome ukurasa mmoja wa riwaya yangu. Alisema ni kwa ajili ya kipindi cha vitabu. Nilisoma pale ambapo bibi kizee, kijijini kwao Kongo, anakataa kukimbia vita: "Ardhi hii ni yangu. Anayetaka kunitoa, anizike hapa hapa."

Filamu ilipoonyeshwa nilikuwa nyumbani nina homa, sikuitazama. Siku ya tatu yaya alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Mie nilisema wapi ile maneno?" aliuliza.

"Maneno gani, yaya?"

"Ya kusema udongo ni wangu. Balinionyesha mu simu. Ni mie ninalima, ni weye unasema."

Nikaitazama kwenye simu. Walikuwa wamezima sauti ya yaya na kuweka ile yangu ya studioni, kana kwamba ninatafsiri Kiswahili chake cha Kongo. Uso ulikuwa wake, maneno yalikuwa ya bibi kizee niliyemtunga mwenyewe. Watu waliitazama mpaka mji wa Kabingo. Yule mama mfugaji alikuwa ameacha kuleta maziwa, na wanawe walimzomea yaya njiani.

Nilipanda gari hadi Mbarara nikiwa bado na homa. Mtayarishaji alinikaribisha kwa furaha, akaniagizia chai.

"Kwa nini umefanya hivi?" nikamuuliza.

"Wakubwa walisema filamu iko baridi. Mama analima, anashukuru, basi? Nani ataangalia?"

"Yale ni maneno ya kitabu."

"Si ni ya kwako? Mimi hapana iba."

"Uliniambia ni ya kipindi cha vitabu."

Alikoroga chai yake. "Ningekuambia ukweli, ungekubali?"

Nilimwambia atangaze kwamba yaya hakusema vile. Akasema haiwezekani, kituo kitaaibika, na kwamba nipumzike kwa sababu safari nyingine ya kurekodi imeshapangwa. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemtunza mgonjwa. Upole ule uliniuma kuliko uongo wenyewe. Sikuinywa chai. Sikurudi tena pale, na ile filamu waliendelea kuirudia.

Nilichukua riwaya yangu, nikamwomba yaya twende kwa yule mama mfugaji. Alitupokea uani, bila kutupatia viti. Kwa Kinyankore changu cha kubabaisha nilimweleza yote, kisha nikamsomea ukurasa ule nikimtafsiria, nikianzia mbali, pale bibi kizee anaposikia bunduki. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huyu hakusema," alisema.

"Hakusema."

"Lakini sauti ni yako."

"Ni yangu."

Aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa, akampa yaya. Mimi hakunitazama. Hadi leo akinikuta njiani huitikia salamu na kupita.

Mama wa mtayarishaji bado hutuma watu waniulize kwa nini sionekani. Sijui mwanawe amemwambia nini, nami sijapata moyo wa kwenda kumweleza.

Riwaya ya tatu nimeianza. Yaya alinikuta nikiandika, akauliza inahusu nini. Nikasema bado sijui vizuri.

"Uandike," alisema, akichukua jembe lake. "Lakini mie usiniweke mule."