Kipa wa Kamukuywa Alikuwa Mimi

Leo kinyozi wetu hapa Kitale ameniita mwongo mbele ya mtoto wangu.

Nilikuwa nimempakata Brayo akinyolewa. Kinyozi na rafiki yake wakaanza kukumbushana mechi za shule yetu kule Kamukuywa. Ati penalti ya mwisho kwenye mechi ya wasichana ilidakwa na "kasichana fulani karefu, kagumu kama mwanaume."

Nikasema, "Ni mimi huyo."

Wakacheka! "Wewe, Mama Brayo? Si nyinyi mlikuwa mnashangilia tu na matawi!"

Jamani, sijalala wiki nzima kwa kazi za nyumba, na bado nichekwe?

Nikawaonyesha kidole changu kidogo. Tangu nidake ule mpira hakijawahi kunyooka.



Kisha rafiki akauliza, "Sasa mbona uliacha?"

Nikamjibu, "Niliacha? Mwaka uliofuata viatu vyetu walipewa wavulana, timu yetu ikaisha hapo. Na nyinyi wawili mlikuwa uwanjani, mnashangilia hivyo viatu!"

Brayo, nusu kichwa kimenyolewa, akashika kile kidole. "Mama, tukifika nyumbani nikupigie penalti?"

Wenzangu wa ile timu, andikeni majina yenu hapa chini. Nataka kumsomea Brayo.