Ng'ombe Wangu wa Ng'ambo

Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyeniambia kwamba kule Marekani, nyuma ya lile jengo refu ambamo mataifa yote ya dunia hukutana, kuna zizi. Zizi la ng'ombe. Kila nchi imepeleka ng'ombe wake mmoja, wanalishwa pamoja na kukamuliwa pamoja, na ndiyo sababu vita vikuu vya dunia havijarudi tena: hakuna rais mwenye akili timamu atakayelipua mahali alipolala ng'ombe wake.

Sikuwa mtoto. Nilikuwa na ndevu, mke na shamba la vitunguu saumu. Tulikuwa mnadani, mjomba amekaa juu ya gunia la dengu na mkononi ameshika ubavu wa mbuzi.

"Wengi wao hawana pembe," alisema. "Wenye pembe ni madume watano tu, wa wale wakubwa. Dume mmoja akitikisa kichwa, kikao kimekwisha, hata kama ninyi wengine wote mmekubaliana."

"Na wa kwetu je, mjomba?"

"Wa Tanzania ni mweusi mwenye baka jeupe. Mpole sana. Amesimama katikati, hagombani na mtu."

Kwa mtu wa kwetu hilo halikuwa la kushangaza hata kidogo. Sisi hatufugi ng'ombe wote kwenye zizi moja. Ukijaliwa kupata wawili, mmoja unampeleka akae kwa rafiki wa kijiji kingine. Rafiki anakunywa maziwa, samadi inaingia shambani kwake, ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia kwenu, haukumalizi. Na kuna faida ya pili ambayo wazee hawaitangazi: mtu ambaye ng'ombe wako yuko zizini kwake, ukimkasirikia unamkasirikia kwa adabu. Kwa hiyo nilipoambiwa kuwa marais nao wanafanya hivyo, nilisema tu, "Kumbe walijifunza kwetu."

Baadaye nikaanza shule ya usiku. Tulisomea kwenye madarasa ya shule ya msingi kwa taa ya sola, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamepita masikio. Mwalimu wa historia alikuwa dada mmoja kutoka Tanga, mtumishi aliyepangiwa kwetu, anayevaa hijabu na sweta mbili juu yake kwa ajili ya baridi ya Mbulu. Alitufundisha mikataba, mabalozi, mizani ya nguvu, wafalme wa Ulaya walivyooana mpaka wote wakawa mabinamu, halafu wakapigana hivyo hivyo. Nikanyoosha mkono.

"Madam, ng'ombe wao walikuwa wamewekwa kwa nani?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Aliangalia saa, akaangalia ubao uliojaa maandishi, akasema, "Swali zuri. Tutalifikia."

Mwalimu akikwambia tutalifikia, maana yake lipo mbele kwenye kitabu. Nikasubiri miaka miwili. Halikufika, lakini ilifika habari ya yale mataifa matano ambayo kila moja linaweza kukataa peke yake na jambo likafa. Nilipiga dawati kwa kiganja. Madume wenye pembe! Mjomba alikuwa sahihi, ni pembe zenyewe tu ambazo hazikuandikwa kitabuni. Nikamaliza kidato cha nne nikiwa na C ya historia, na nina hakika msahihishaji alikuwa amechoka tu.

Cheti kilikuwa hakijamaliza hata mwezi ukutani pale ugomvi ulipoanza.

Kati ya kitongoji chetu na cha wenzetu kuna korongo ambalo ukidondosha jiwe asubuhi unasikia kishindo chake mchana. Upande wetu ni Mbulu, upande wao ni Hanang. Chemchemi iko kwetu. Malisho ya kiangazi yako kwao. Mungu alipanga hivyo makusudi, ili tusalimiane. Mwaka ule ng'ombe wetu waliingia kwenye dengu zao, wao wakawafungia ng'ombe wetu siku mbili bila maji, vijana wetu wakaenda na fimbo, na mmoja akarudi amevunjika mkono. Kitongoji kizima kikaitwa kwenye uwanja wa ofisi.

Mwenyekiti wa kitongoji ni mtu mzito, mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo kanisani. Alisimama.

"Azimio la kwanza. Kila mwenye ng'ombe ng'ambo ya korongo, amrudishe kabla ya Jumamosi. Azimio la pili. Jumamosi tunachimba mtaro, njia ya chemchemi tunaifunga, tuone watanywesha wapi. Wakija kuufukia, watatukuta."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa na ng'ombe ng'ambo. Alikuwa mwekundu, tumbo kama ngoma ya kigango, maziwa yake yangeweza kuzungusha mashine ya kusaga, na wakati huo alikuwa na mimba. Babu wa rafiki yangu wa ng'ambo, yule aliyekuwa anamfuga, na babu yangu walianza kuwekeana ng'ombe kabla sijazaliwa, na kamba hiyo haijawahi kukatika.

"Mwenyekiti," nikasema, "wangu harudi."

"Umesemaje?"

"Nimesema wangu harudi."

"Aa, msikieni msomi wa taa ya sola!" alisema mama mmoja, na uwanja ukaangua kicheko.

"Kaa chini, waziri wa mambo ya nje!"

Sikukaa. "Nimesoma vita vyote vilivyowahi kupiganwa," nikawaambia, "na vingine viwili ambavyo bado. Vyote vinaanza hivi. Kwanza kila mtu anarudisha watu wake nyumbani. Halafu hakuna tena wa kumuuliza nani kamkosea nani. Halafu ni mishale. Ng'ombe wangu akirudi, mimi nitapita korongo hili kwa sababu gani? Na yule rafiki yangu atanipigia simu aniulize nini?"

"Kijana alivunjwa mkono!"

"Amevunjwa, na aliyemvunja alipe kwa mila. Lakini mkono hauungwi kwa mtaro."

Mwenyekiti alininyooshea kidole. "Sawa. Una mpaka Ijumaa. Baada ya hapo, usituite kwenye vitunguu vyako, wala usije kwetu kuomba moto."

Hiyo ndiyo adhabu kubwa ya kwetu: kutengwa. Hakuna anayekupiga. Watu wanaacha tu kukuona. Na haikungoja Ijumaa, ilianza jioni ile ile. Vitunguu vilikuwa vimekomaa, na kung'oa vitunguu saumu ni kazi ya mikono ishirini. Tuliving'oa mimi na mke wangu, mikono minne, na mgongo wangu ulipinda kiasi kwamba ningeweza kujifunga kamba za viatu bila kuinama. Hata watoto, ambao kwetu hawawezi kumpita mkubwa bila shikamoo, waliitupa kwa mbali kama jiwe na kukimbia kabla marahaba haijatoka.

"Ulisoma peke yako," mke wangu alisema akiwa amejishika kiuno, "sasa sote tunaisoma namba."

"Nimrudishe?"

Aliinama, akang'oa kitunguu, akakikung'uta udongo. "Ukimrudisha sasa, baada ya mgongo wangu kufika hapa, utalala naye zizini."

Nikajua nina nchi moja upande wangu.

Alhamisi rafiki yangu wa ng'ambo akapiga simu.

"Bwana mkubwa, huku wananiambia nimfukuze mgeni wako. Wanasema ni jasusi."

"Nawe umewaambiaje?"

"Nimewaambia ana mimba. Tangu lini mjamzito anafukuzwa?"

"Wakikuzidi nguvu nitakuja kukaa mimi humo zizini badala yake."

"Wewe una maziwa gani? Kaa huko huko." Halafu akapunguza sauti. "Lakini usichelewe kuja akizaa. Jumamosi huku wanakwenda kwenye huo mtaro wenu, na hawaendi na majembe."

Ijumaa ikapita. Wangu hakurudi. Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda na majembe yanalia kule chemchemini, simu ikaingia tena: amezaa, jike, mwekundu kama mama yake.

Kwetu, ng'ombe wako akizaa kwa mtu, unakwenda kumwona ndama na unakunywa dang'a na mwenyeji wako, yale maziwa mazito ya kwanza. Usipokwenda umemtukana. Na anayekwenda kumwona ndama hazuiwi njiani na mtu yeyote. Mila hiyo ni kubwa kuliko mwenyekiti. Nilivaa koti langu la kanisani, nikachukua kibuyu, na sikupita kichochoroni. Nilipita katikati ya wachimbaji, nikiimba. Sauti yangu si nzuri lakini ni nyingi.

Jirani yangu mmoja alisimama mbele yangu na jembe. "Unakwenda wapi?"

"Kumwona ndama wangu."

Alitafuna midomo. Akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kifungu cha sheria. Kisha akasogea pembeni. Upande wa pili wa korongo niliwakuta vijana wao wamekaa kwenye nyasi, fimbo na pinde zimelala magotini.

"Na wewe wa Mbulu, unakwenda wapi?"

"Kumwona ndama wangu."

"Dume au jike?" akauliza mmoja.

"Jike."

"Hongera," akasema kwa hasira, na wakanipisha.

Nilikunywa dang'a mpaka nikahisi nimeongezeka kidato. Ndama alikuwa anatetemeka miguu minne kwa zamu. Nikazunguka nyuma ya nyumba kunawa, na hapo ndipo nilipomwona. Amefungwa kwenye kivuli cha ukuta, amefunikwa majani kama gunia la magendo: ng'ombe mwenye pembe moja iliyolala na sikio lenye alama mbili. Wilaya nzima ya Mbulu inamjua ng'ombe yule. Ni wa mwenyekiti.

"Alinipigia Jumanne," rafiki yangu akasema, akikuna kichwa. "Akasema hawezi kumtoa, anamwonea huruma na safari. Nimfiche tu."

Sasa, mtu mwingine angerudi anapiga kelele kutoka ng'ambo. Nami nilitaka! Siku zote zile za mgongo kuuma, watoto kunikimbia, halafu yeye! Nilishuka korongo nikiwa nimejaa maneno kama gunia lililoshindwa kufungwa. Lakini wakati napanda upande wetu nilifikiria: nikimwaibisha mbele ya watu, itabidi aendelee kuchimba ili kuthibitisha kuwa yeye ni mwanamume. Wafalme wangapi wa Madam walipigana kwa sababu tu waliaibishwa mbele ya watu? Nilimkuta amesimama ndani ya mtaro, udongo mpaka kiunoni, anatokwa jasho. Nikachuchumaa ukingoni nikamsogelea sikioni.

"Mwenyekiti, shikamoo. Yule wa pembe iliyolala hajambo. Anakusalimu."

Alifuta uso kwa kofia. Akatazama ng'ambo, ambako wale vijana walikuwa sasa wamesimama.

"Marahaba," alisema. Kisha kwa ile sauti ya kanisani: "Jamani! Ardhi ni ngumu. Hebu tupumzike kidogo."

Mapumziko hayo hayajaisha mpaka leo. Mtaro bado upo, umefika nusu, na masika bata wanaogelea humo. Jioni ya siku hiyo watu sita walikuja shambani kwangu kumalizia vitunguu. Hakuna aliyesema kitu kuhusu wiki ile. Mama wa taa ya sola alileta togwa.

Wiki iliyofuata vitongoji vyote viwili vilikaa pale chemchemini, mchana kweupe. Uandishi tulimwomba Madam, kwa sababu hana shangazi wala mjomba upande wowote wa korongo, na kalamu isiyo na ndugu inaandika vizuri. Nilipopewa nafasi niliwaeleza zizi la mataifa lote, kuanzia madume watano mpaka yule wetu mweusi mwenye baka jeupe. Wazee wa pande zote mbili waliitikia kwa vichwa. Mmoja wa ng'ambo alisema, "Ndiyo maana bwana, mambo ya Ulaya yalitulia." Tukakubaliana: mvunja mkono atalipa kwa mila, chemchemi iko wazi, malisho yako wazi baada ya mavuno, na kila kiongozi wa huku ataweka ng'ombe mmoja kule, na wa kule huku. Mwenyekiti wetu alisema wa kwake atampeleka mara moja. Rafiki yangu alikohoa sana. Tukafunga kwa slufay, ile dua yetu ambayo mzee anataja baraka moja moja na watu wote wanaitikia.

Tangu siku hiyo nimeshauriwa na watu wengi. Mtaalamu wa mifugo anasema ng'ombe wangu nimlete nyumbani ahudumiwe pamoja na wengine. Mkwe wangu anasema siku hizi dunia ni ya simu, nani bado anaweka ng'ombe kwa watu? Na jibu langu ni lile lile, na nitalitoa hata mbele ya yale mataifa matano yakiniita: yule ndama wa Jumamosi sasa ni mama, yuko ng'ambo, na wangu harudi.

Lakini ile siku ya kikao, watu walipotawanyika, nilimsindikiza Madam mpaka barabarani nikiwa nimembebea daftari. Nilikuwa nimevimba kifua kama njiwa. Nilimuuliza kama ameandika yote niliyosema.

"Nimeandika makubaliano," alisema. "Lile zizi sikuliandika. Nani alikuambia habari zake?"

"Mjomba wangu."

"Aliwahi kufika huko?"

"Mjomba amefika mpaka Singida."

Alivuta sweta ya juu, akafunga vifungo, na akaniambia kwa upole kama anayesahihisha daftari la mtoto:

"Hakuna zizi. Ulipouliza darasani nilidhani unatania, nisamehe. Kule kuna ukumbi, viti, vipaza sauti na wakalimani, na nje kuna bendera. Ng'ombe hakuna hata mmoja."